Tulipe Kipimo Kabla ya Kulipa Spea

Mwenye pikapu akifika gereji na kusema gari linalia anapowasha, mara nyingi jibu analopewa ni jina la spea. "Stata hiyo, bosi." Hajaulizwa mlio wenyewe ukoje, unaanza lini wala unakoma lini. Boneti bado imefungwa, na tayari kijana ametumwa dukani kuulizia bei. Jioni gari linarudi nyumbani likiwa na stata nyingine, na kesho yake alfajiri mlio ni ule ule.

Tumezoea hali hii hadi wengi wetu tunaiona ndiyo ufundi wenyewe. Mimi naiona ni hasara, na naandika nikiwa na uchungu nayo. Pikapu kwa watu wengi wa nchi hii ni kitendea kazi. Ndiyo inayobeba nyanya za Ilula na kabichi za Lushoto, maziwa ya asubuhi, saruji ya fundi ujenzi, na mgonjwa wa usiku pale kijijini pasipo na gari jingine. Ikigoma saa kumi alfajiri, nyanya zilizochumwa jana hazingoji. Mwenyewe atatafuta gari la kukodi kwa bei ya shida, kisha mchana ataingia gereji kununua spea ya kwanza, keshokutwa ya pili, wiki ijayo ya tatu, zote kwa ajili ya tatizo moja ambalo halijapimwa hata mara moja.

Tunalipa spea, tunalipa na mikono ya kuifunga, lakini kazi ya kulitafuta tatizo hatuilipi. Fundi ambaye anapata riziki pale tu kitu kinapobadilishwa atahakikisha kitu kinabadilishwa. Tukitaka ubahatishaji ukome, upimaji uwe na bei yake, na mwenye gari ailipe bila kinyongo.

Wanaosema kwamba milio ya gari ni fumbo, siwaungi mkono. Gari linapowashwa, mambo machache hufuatana kwa mpangilio usiobadilika. Ufunguo unapeleka umeme mdogo kwenye solenoidi iliyo mgongoni mwa stata. Solenoidi inaisukuma pinioni, ile gia ndogo, ikaumane na meno ya flaiwili, na wakati huo huo inaunganisha vipande viwili vya shaba ili umeme mkubwa wa betri uingie kwenye mota. Mota inazungusha injini, injini inashika, pinioni inarudi nyuma. Baada ya hapo oili inapanda juu, na mkanda wa feni unaanza kuivuta alternata yenye kazi ya kurudisha umeme uliotumika. Kila hatua ina wakati wake. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi makini ni lini mlio unasikika: kabla injini haijazunguka, wakati inazunguka, sekunde chache baada ya kushika, au mpaka ipate moto. Akishapata jibu hilo, washukiwa wengi wanaondoka hata kabla ya kushika spana.

Chukua mlio unaosumbua kuliko yote. Unazungusha ufunguo, unasikia ta-ta-ta-ta-ta ya haraka, taa za dashibodi zinafifia na kurudi. Hapo solenoidi inavuta, mota inadai umeme, umeme unaanguka, solenoidi inaachia, umeme unapanda tena, nayo inavuta upya. Huo ni mlio wa umeme usiotosha, na mara nyingi stata haina kosa lolote. Mlio mwingine ni ko! moja nzito, kisha kimya. Hapo solenoidi imevuta na kushika, lakini umeme mkubwa haukupita, au umepita ukakuta mota imekwama.

Kutenganisha hali hizi hakuhitaji hata mita. Simamisha gari mbele ya ukuta kukiwa na giza, washa taa kubwa, kisha mwombe mtu azungushe ufunguo huku wewe ukiangalia mwanga ukutani. Taa zikififia karibu kuzimika, betri imechoka, au vichwa vyake havishiki vizuri, au mota imejikaza na inameza umeme wote. Taa zikibaki na mwanga wake kana kwamba hakuna kilichoombwa, umeme haupiti kwenye mota: angalia shaba za solenoidi, waya wake mdogo wa kuamrisha, au waya wa ethi unaoifunga injini kwenye betri na chasisi. Ni kipimo cha dakika moja kisicho na gharama, na watu wananunua betri mpya bila kukifanya.

Mwenye mita aende mbele zaidi. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika usiku kucha, husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na chaji ya nusu hivi. Wakati wa kuzungusha injini haitakiwi kushuka chini ya volti 9.6 au karibu na hapo. Gari likishawaka, alternata iliyo nzima huipandisha hadi kati ya volti 13.8 na 14.4. Tarakimu hizi zingefaa ziandikwe kwa rangi ukutani katika kila gereji, na mita ya kuzisomea bei yake ni ndogo kuliko stata ya mtumba.

Charles Kettering, Mmarekani aliyeleta stata ya umeme kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912, alifanikiwa kwa sababu aliona jambo ambalo wenzake hawakulitilia maanani: mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kuliko kiasi chake iwapo ni kwa sekunde chache tu. Kabla ya hapo injini zilizungushwa kwa hendeli, na hendeli ikirudi nyuma ilivunja mkono wa dereva. Stata zetu bado zinaishi kwa mpango ule wa Kettering, umeme mwingi sana kwa muda mfupi sana, na hapo ndipo waya mbovu unapomdanganya fundi.

Nitakaa kidogo kwenye waya wa ethi, maana pesa za watu wengi zimezikwa hapo. Stata ya pikapu ya dizeli ya lita tatu inaweza kudai ampea 200 na zaidi. Kwa mkondo huo, ukinzani wa omu 0.01 tu kwenye maungio, kitu ambacho mita ya kawaida haiwezi hata kukisoma vizuri, unakula volti 2 nzima. Sasa fundi anachukua taa yake ya majaribio, anagusa waya, taa inawaka, anatangaza kwamba umeme upo. Kwa taa ile ndogo, kweli upo. Kwa mota inayodai ampea 200, haupo. Ndiyo maana kipimo sahihi hufanyika mzigo ukiwa kazini: mguu mmoja wa mita kwenye kichwa hasi cha betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu azungushe ufunguo. Mita ikipita robo volti hivi, njia ya ethi ina kasoro. Upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi kwenye nati kubwa ya stata, isizidi nusu volti.

Mkulima mmoja wa nyanya wa Ilula ninayemfahamu aliipitia njia yote ya kubahatisha. Hilux yake ya injini ya 5L ilianza kupiga ko! alfajiri, ikaja kupiga mchana pia. Akauziwa stata ya mtumba. Gari likawaka siku mbili, likarudia. Akanunua betri. Likawaka tena, likarudia. Akabadilishiwa swichi ya ufunguo. Kila mara lilipona kidogo, na kila mara ikaonekana kwamba spea ile ilikuwa imesaidia ila kumebaki "kitu kingine". Ukweli ni kwamba kila fundi aliyefungua chochote pale alizisogeza nyaya, na waya uliosogezwa ukajikwangua na kushika kwa muda.

Hatimaye akampata fundi umeme mmoja mtu mzima. Huyu hakushika spana. Akauliza, "Ndugu yangu, hili lilianza lini?" Mkulima akafikiri, akasema lilianza baada ya gia boksi kushushwa ili klachi ibadilishwe. Fundi akachukua waya mnene wa kuwashia gari kwa betri ya gari jingine, akabana upande mmoja kwenye kichwa hasi cha betri, upande wa pili kwenye injini, akamwambia, "Haya, piga." Injini ikashika mara moja. Akauondoa waya ule, ikagoma. Akaingia uvunguni na tochi. Waya wa ethi kwa nje ulikuwa mzuri, plastiki yake nzima, ila mahali unapoingia kwenye kishikizo chake nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka unga wa kijani, na bolti yake ilikuwa imekazwa juu ya kutu na tope lililokauka. Waliofunga klachi hawakupapiga msasa. Akaweka waya mpya, akapasugua hadi chuma kikang'aa, akapaka grisi juu, kazi ikaisha.

Mkulima akaomba apunguziwe ujira, kwa kuwa hakuna spea iliyowekwa.

Simlaumu yule mkulima peke yake, maana ndivyo sote tulivyo. Tunaona thamani ya kitu tunachoweza kukishika mkononi, na tunaona fundi aliyesimama akisikiliza kama mtu ambaye bado hajaanza kazi. Kwa fikra hiyo, fundi aliyeuza spea tatu zisizohitajika alipata kipato mara tatu, na aliyelijua tatizo aliombwa apunguze. Halafu tunashangaa kwamba wanaopima ni wachache.

Hata pale stata inapokuwa na kosa kweli, mara nyingi kosa ni dogo. Stata za Denso zinazofungwa kwenye Toyota nyingi zina vile vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi, na kisahani cha shaba kinachovigonga kila unapowasha. Kila mgongano una cheche, na kila cheche inakula shaba kidogo. Ukifungua kifuniko cha nyuma utaona kwa macho: upande mmoja umeliwa ukabaki mwembamba kama ukingo wa sarafu, mwingine bado mnene. Kisahani hakifiki tena pande zote mbili kwa pamoja. Ndiyo ile stata inayopiga ko, ko, ko, halafu ya nne inawaka, na wenyewe wanasema gari lina mashetani. Dawa yake ni shaba mpya na kisahani kipya, sehemu ndogo sana ya bei ya stata. Badala yake watu wanauziwa stata nzima ya mtumba iliyokuja kutoka Japani au kupitia Sharjah, iliyotoka kwenye gari ambalo hakuna anayejua lilitembea kilomita ngapi, ikiwa na shaba zilizoliwa vilevile kama zile wanazozitupa.

Mlio wa krrrr, wa chuma kusaga chuma, usichezewe. Pinioni haiumani vizuri na meno ya flaiwili, na kila jaribio linasaga meno zaidi. Stata hufunguliwa kwa bolti chache, lakini kuyafikia meno ya flaiwili ni mpaka gia boksi ishuke. Kuna dalili moja ambayo wenye pikapu wengi wameiona bila kujua maana yake. Injini ya silinda nne ikizimwa husimama karibu na mahali pale pale, sehemu mbili zinazotazamana kwenye flaiwili, kwa sababu mgandamizo wa hewa ndani ya silinda ndio unaoisimamisha. Kwa hiyo meno huliwa pale tu. Gari linasaga leo, kesho linawaka safi. Au linasaga, unaliweka gia na kulisukuma hatua moja, linawaka. Ukiona hivyo, kubadili stata peke yake hakutakusaidia. Na hata ukibadili stata kwa sababu halali, hesabu meno ya pinioni ya mpya na ya zamani kabla haijafungwa. Stata mbili zinaweza kufanana kwa umbo na mashimo ya bolti, zikatofautiana meno, nayo ngeni ikakumalizia flaiwili kwa muda mfupi.

Mota ikilia viiii kwa kasi na injini isizunguke kabisa, bendiksi inayobeba pinioni inateleza, au pinioni yenyewe haitoki. Hiyo kweli ni stata, na fundi akisema hivyo muamini.

Mingine niipite haraka. Ukelele wa wiii mara tu injini inaposhika, unaopungua baada ya dakika moja, ni mkanda: alternata inadai nguvu nyingi muda huo ili kuijaza betri, na mkanda uliolegea au kuparara unateleza. Mwagia maji kidogo kwenye upande wenye mifereji. Ukelele ukizidi, mkanda umelegea, na ukinyamaza kidogo kisha ukarudi, puli hazijakaa mstari mmoja. Mngurumo unaosikika gari likiwa limesimama, jaribu kukanyaga klachi. Ukitoweka ukikanyaga, angalia beringi za gia boksi. Ukitokea ukikanyaga, ni beringi ya klachi. Na pikapu iliyopita kwenye maji ya mafuriko, kama yale ya bonde la Jangwani jijini Dar es Salaam, ikipiga kishindo kimoja na kukwama ghafla unapojaribu kuiwasha tena, acha ufunguo. Inawezekana maji yameingia kwenye silinda, na maji hayagandamizwi. Kinachopinda ni konrodi. Zitolewe plagi au nozeli kwanza, maji yatoke, ndipo injini izungushwe.

Milio ya baada ya kushika ina uzito wake wa peke yake kwa sababu inahusu oili, na oili ikikosekana injini inakufa. Mlio wa chaka-chaka wa sekunde mbili tatu asubuhi, kisha kimya, mara nyingi unaanzia kwenye filta. Filta nzuri ina mpira mwembamba ndani yake unaoizuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Filta feki ama haina mpira huo ama ina mpira mgumu usioziba. Usiku oili yote inashuka kwenye sampu, na asubuhi sehemu za juu zinazunguka kavu mpaka pampu ijaze njia upya. Kwenye injini za cheni, kikaza cheni kinachosukumwa na oili nacho kinachelewa, na cheni inapiga kelele. Gharama ya kuanzia uchunguzi hapo ni filta halisi na oili ya kiwango kinachotakiwa. Fundi anayesikia mlio huo na kutaja cheni mpya kabla ya kuuliza filta iliyofungwa ni ya aina gani, mshukuru, uondoke.

Wenye Hilux za Vigo za injini ya 1KD, ile dizeli ya lita 3.0 ya D-4D, nawasihi wasome aya hii mara mbili. Injini hizi zina udhaifu unaojulikana kwa mafundi wa nchi nyingi. Vizibo vya shaba chini ya nozeli vikichoka, gesi ya moto kutoka kwenye silinda inapenya hadi ndani ya kava ya juu, inaipika oili hadi inakuwa kama lami, na lami hiyo inashuka chini na kuziba chujio la pampu ya oili. Mwenye gari anachosikia ni kugonga kwa nyundo asubuhi injini ikiwa baridi, kunakotulia ikipata moto. Kwa kuwa kunatulia, anaendelea na safari zake. Anaambiwa dizeli zote zinagonga. Siku moja taa ya oili inawaka akiwa mlimani, na injini nzima inaondoka kwa sababu ya vizibo vya bei ya chini kabisa. Fungua kifuniko cha kumiminia oili ukaangalie. Ukikuta lami ngumu nyeusi, sampu ishushwe na chujio litazamwe wiki hiyo hiyo.

Kugonga kwa asubuhi kunaweza pia kutokana na hita plagi, hasa kwa walio Njombe, Makete na Mbeya katika baridi ya Juni na Julai. Injini za zamani kama 2L, 3L na 5L zinazitegemea sana. Hita plagi mbili zikifa kati ya nne, injini inashika kwa kutetemeka, inagonga na kutoa moshi mweupe, halafu inatulia. Wengi huambiwa pampu ya dizeli imekwisha, na pampu ni pesa nyingi. Kupima hita plagi ni kazi ndogo: chomoa bamba linaloziunganisha, funga taa ya majaribio kwenye kichwa chanya cha betri, gusa kila plagi. Nzima itaiwasha taa, iliyokufa haitaiwasha. Hapa taa ile ile niliyoilalamikia kwenye ethi inafaa kabisa, na kujua tofauti hiyo ndiko kunakostahili kulipiwa.

Siku hizi kuna wanaodhani gari likipigwa kompyuta kila kitu kitajulikana. Kompyuta ni msaada, na kwenye D-4D inaweza kuonyesha kila nozeli inasahihishwa kiasi gani injini ikiwa sailensi, jambo ambalo sikio haliwezi. Lakini waya wa ethi uliooza hauandiki jina lake kwenye kompyuta. Meno ya flaiwili yaliyoliwa hayana msimbo, wala filta feki haina. Zaidi ya hapo, betri dhaifu huangusha umeme wakati wa kuwasha na kusababisha misimbo kadhaa ya uongo, na kuna watu waliouziwa sensa kwa sababu ya misimbo hiyo. Kompyuta ije baada ya mita, na mita ije baada ya sikio.

Naujua utetezi wa mafundi, na mwingi ni wa haki. Kijana wa Gerezani pale Dar es Salaam au wa Kirinyaga Road kule Nairobi anafanya kazi barabarani, bila mita, bila kitabu cha gari analofungua, huku tajiri akimsimamia kichwani kwa haraka. Anajua akisema "niachie hadi kesho nilisikilize likiwa baridi", tajiri atampelekea jirani. Anajua pia kwamba duka la spea litamkatia chake kwa kila mteja anayempeleka, na kwa siku nyingi hicho ndicho chakula cha watoto wake. Mfumo huo hatukuletewa na mafundi peke yao. Wenye magari tuliujenga siku tulipokataa kulipa kitu kinachoitwa "kuangalia tu".

Kwa hiyo mabadiliko yaanze kwetu tunaotoa pesa. Gereji itaje bei ya kipimo mapema, bei inayolipwa hata kama kosa litakuwa ni bolti iliyolegea, na mwenye gari asiombe kupunguziwa kwa sababu kosa lilikuwa dogo. Kosa dogo ndilo ulilomlipa alitafute. Fundi naye, akishalipwa hivyo, aonyeshe tarakimu alizosoma na mahali alipozisoma, na akibadilisha kitu arudishe cha zamani kwa mwenyewe. Akishindwa kueleza spea inakwenda kuponya kipimo gani, hana haki ya kuinunulisha.

VETA inafanya kazi nzuri ya kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza kazini bila kupita darasani, na Kenya ina mitihani ya ufundi ya NITA. Ombi langu kwa taasisi hizi ni kwamba mtahiniwa awekewe gari lenye kosa lililotegwa makusudi, waya wa ethi uliolegezwa au filta mbovu, na apewe alama kwa kulifikia bila kubadilisha kitu chochote. Kufungua na kufunga injini tunao vijana wengi wanaojua. Wanaoweza kusema kosa liko wapi kabla ya kuifungua ndio tunaowahitaji, na cheti kiwatofautishe ili wadai bei yao wakiwa na karatasi mkononi.

Na wewe mwenye pikapu inayolia, usiipeleke gereji saa sita mchana ikiwa imepata moto na mlio umetoweka, ukategemea fundi aotee. Rekodi mlio kwa simu alfajiri, mara ya kwanza kabisa unapozungusha ufunguo, boneti ikiwa wazi na gari likiwa na hendibreki na gia huru. Andika umri wa betri, ni lini oili na filta vilibadilishwa, na ni kazi gani ya mwisho iliyofanyika kwenye gari kabla ya mlio kuanza. Mpelekee fundi hayo yote, liache gari lilale kwake kama anahitaji kulisikia likiwa baridi, na mlipe kipimo kabla hajataja jina la spea yoyote.